Mvuta Karai wa Kara-Tektir

Maiti ya mtoto ilikuwa imelala chali chini ya jabali, macho yamefumbwa na mdomo umefungwa barabara, utadhani amejinyoosha kupumzika baada ya chakula cha mchana. Hilo ndilo lililomkera kwanza Inspekta Burul Asanova. Mtu aliyeporomoka kutoka juu ya jabali lile hafi kwa adabu namna hiyo.

"Anaitwa Taalai," alisema Koplo Joro huku akipuliza viganja vyake. "Miaka kumi na mmoja. Mtoto wa Kalmat, yule aliyekuwa fundi wa hewa mgodini, enzi za serikali ya Moscow. Baba yake anasema jana alfajiri alimtuma malishoni, akateleza."

"Na kondoo wako wapi?"

"Wamerudi nyumbani wenyewe, anasema."

"Wana akili kondoo wake."

Burul alichuchumaa. Koti la mtoto lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Viatu vilikuwa vimefungwa kamba zake. Kichwa kilikuwa wazi.

"Kofia iko wapi?"

"Labda upepo, afande."

"Novemba hii, mlima huu, mama gani anamtoa mtoto nje kichwa wazi? Tafuta."

Joro alitafuta, hakuona kitu. Burul aliinua kidevu cha mtoto taratibu. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka taya na kupanda mpaka utosini, alama ya kitambaa kilichokazwa. Akamvua viatu. Vidole gumba vya miguu vilikuwa na alama ya uzi, vilifungwa pamoja kisha vikafunguliwa. Nyayo zilikuwa safi, masikio safi, kucha zimesuguliwa.

Mtoto huyu alikuwa ameoshwa kama maiti, kisha akavalishwa nguo za malishoni na kutupwa.

Juu njiani Kalmat alikuwa amesimama na kofia yake nyeupe ya sufu nzito, mrefu, mabega ya mchimbaji. Alishuka kwa haraka.

"Dada Burul, nipeni mtoto wangu nimzike kabla ya adhuhuri. Kaburi limeshachimbwa."

"Utampata, kaka Kalmat. Daktari amtazame kwanza."

"Amtazame nini? Ameanguka, si mnaona? Baba yako angekuwa hai asingeniruhusu nisumbuliwe hivi."

Burul alikuwa na swali mdomoni, nani amemwosha mwanao? Akalimeza. Swali zuri ukilitoa mapema linaharibika. Alimpa mkono wa pole, akaamuru maiti ipakiwe.

*

Katika chumba cha maiti, Daktari Sagyn alimgeuza mtoto kifudifudi. Hapo akavua miwani.

"Njoo uone."

Katikati ya mgongo, kwenye kila pingili, palikuwa na doa la bluu iliyokoza. Madoa yalishuka kwa mpangilio kutoka shingoni mpaka kiunoni. Burul aliyajua madoa yale. Watu wa mji huu wa makaa, Kara-Tektir, wanayaita vifungo, kama vya koti. Mchimbaji akitambaa kwenye shimo la chini, dari inamchuna mgongo, vumbi la makaa ya mawe linaingia kwenye jeraha, jeraha linapona na vumbi likiwa ndani. Hayatoki kwa sabuni wala kwa dawa. Baba yake Burul alizikwa nayo.

Lakini baba yake aliyapata baada ya miaka ishirini chini ya ardhi, na alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Na hapa," Sagyn alisema, akigusa nyonga. Ngozi ilikuwa ngumu, imeota sugu pande zote mbili. "Kamba."

"Alikuwa mvuta karai," alisema Burul. "Endelea."

"Mguu wa kushoto umevunjika akiwa hai, umevimba. Michubuko ya mawe haina damu, maana yake jabalini alitupwa akiwa amekwisha kufa. Puani ndani kuna makaa. Macho yana vidoa vyekundu, mdomo wa juu umechanika kwa ndani, na kati ya meno nimetoa hizi." Alionyesha nyuzi chache nyeupe kwenye kioo. "Sufu. Mtu alimziba pumzi, Burul. Na si jana. Juzi jioni."

"Kwa hiyo jana alfajiri Kalmat alimtuma maiti akachunge kondoo."

Burul alivuta kiti, akakaa. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua, na mara likamjia lote kwa pamoja, akainuka tena. Katika mashimo haya membamba, mvuta karai hafanyi kazi peke yake hata siku moja. Mbele yake, ndani zaidi, kuna mkataji anayelala ubavu na kutoboa makaa kwa sururu fupi. Mkataji anajaza, mvutaji anaburuta karai hadi nje, anarudi na karai tupu. Shimo likiporomoka, mvutaji huwa karibu na mdomo. Mkataji huwa nyuma ya kifusi.

"Sagyn," alisema, "mwenzake yuko wapi?"

Burul alikwisha kushika koti lake.

*

Watoto wa Kara-Tektir ambao hawajabalehe, wakifa, huoshwa na mwanamke mmoja tu, Bibi Anarkan, mkokaji wa tanuri linalopasha shule joto. Anaishi hapo hapo, chumba cha pembeni mwa tanuri. Burul alimchukua Joro wakaenda.

Walisikia shule kabla ya kuiona. Madarasa yote yalikuwa yanaimba, kwa sauti ya juu kabisa, wimbo wa majira ya kuchipua, na nje theluji inashuka. Mlangoni alisimama mwalimu mkuu, Turdumat, suti ya kijivu, vidole vina chaki.

"Inspekta, karibu. Msiba mkubwa huu. Taalai alikuwa mtoto mtulivu."

"Alikuwa anasoma hapa?"

"Alikuwa anasoma, ndiyo. Kwa kadiri yake."

"Mbona mnaimba siku ya msiba?"

"Mazoezi. Tuna sherehe."

"Sherehe gani?"

Turdumat alilamba midomo. "Ya shule."

"Pana joto humu ndani, mwalimu. Wilaya nzima shule zimefungwa kwa kukosa makaa. Ofisini kwangu wino umeganda. Nyie mnapata wapi?"

"Wazazi wanajitolea."

"Joro, kaa na mwalimu. Akienda msalani, nenda naye."

Bibi Anarkan alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya tanuri, hakugeuka. Burul aliketi sakafuni karibu naye, kama mjukuu.

"Bibi, sikuja kukugombeza. Ulimwosha mama yangu, Mungu akulipe. Nina ombi moja tu. Nionyeshe vazi la Taalai ulilopewa kama haki ya mwoshaji."

Kikongwe aliingiza mkono kifuani, akatoa kofia ya sufu nyekundu yenye kifundo utosini. Kudanganya polisi angeweza, hilo kila mtu mjini anaweza. Kudanganya juu ya haki ya maiti hakuweza.

"Walitaka kumtupa na uchafu wake," alisema. "Mweusi kama sufuria. Nikawaambia sikubali, hata mkiniua. Nikamwosha hapa, maji ya moto, nikamfunga kidevu. Wakafungua vyote walipomchukua. Wajinga, walidhani alama hazibaki."

"Shimo liko wapi?"

Anarkan alisukuma kwa mguu ubao wa sakafu nyuma ya tanuri. Chini palikuwa na mdomo mweusi, mpana kiasi cha mabega ya mtoto. Hatua chache ndani ulikuwa umejaa mawe.

"Lilianguka juzi jioni. Taalai alitoka. Begimai hakutoka."

"Begimai yupi?"

"Yule yatima, anayelelewa na bibi yake kipofu. Miaka tisa. Bibi ameambiwa mtoto analala shuleni kwa ajili ya mazoezi." Kikongwe akamshika Burul mkono. "Yuko hai, Burul. Jana asubuhi alianza kugonga kwenye bomba la maji. Darasa la tatu wakasikia, wakasema mwalimu, chini kuna mtu. Ndipo mwalimu akasema, imbeni. Tangu jana wanaimbishwa, mpaka wadogo wamepoteza sauti."

Burul hakumbuki alifikaje kwenye mlango wa darasa. Anakumbuka tu kwamba alipiga kelele, "Nyamazeni wote," na watoto mia moja wakanyamaza, na baadhi yao wakaanza kulia kwa sababu walijua kwa nini wameambiwa wanyamaze. Alirudi, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha pakasikika, mbali sana, chuma juu ya chuma. Mara moja. Kimya. Mara mbili. Sauti zilikuwa dhaifu, kama za mtu anayesinzia.

*

Wanaume waliokuwa wachimbaji zamani waliitwa, wakaja na sururu. Kila walipotoa mawe mawili, dari ilishusha matatu. Mkubwa wao alitoka akitema vumbi.

"Kwa hapa ni kesho kutwa, dada, na huenda tukazikwa na sisi. Ila nyuma ya shimo hili kuna njia ya hewa ya mgodi wa zamani, nina hakika. Mtoto akiwa na hewa mpaka leo, inatoka huko. Ukijua mdomo wake unatokea wapi, unaingia kwa magoti."

"Nani anajua?"

"Mafundi wa hewa. Walikuwa wanne, wawili wamekufa, mmoja yuko Urusi."

"Na wa nne?"

"Wa nne ni Kalmat."

Kalmat alikuwa kituoni tangu asubuhi, anadai maiti. Burul alimkuta amekaa wima, kofia juu ya goti.

"Kaka Kalmat, njia ya hewa ya zamani inatokea wapi?"

"Njia gani?"

"Iliyo nyuma ya shimo la shuleni."

"Shule ina shimo? Mambo ya mwalimu hayo. Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema shimo ni lako, yeye alikuwa anakupa watoto na wewe unampa makaa ya tanuri."

"Mwalimu ni mwongo. Mtu wa suti."

"Kuna mtoto hai chini. Anagonga bomba. Nimemsikia kwa sikio langu."

"Mimi nina maiti yangu, dada Burul. Ya wengine watayaangalia wenyewe."

Burul alihisi mikono yake inataka kufanya jambo ambalo lingemfukuzisha kazi. Aliiweka chini ya meza. Alielewa vizuri anachokabiliana nacho. Njia ya hewa ilikuwa kichwani mwa mtu huyu, na kuitaja ni kukiri kwamba shimo ni lake, na kukiri shimo ni kukaribia Taalai. Angeketi pale mpaka bomba linyamaze.

"Taalai alikufa lini?"

"Jana asubuhi. Nimeshasema."

"Wapi?"

"Jabalini."

"Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Shuleni hukufika?"

"Sijakanyaga shuleni mwezi mzima. Waulize."

Burul aliweka kofia nyekundu mezani. Kalmat aliitazama mara moja, akatazama ukuta.

"Ya nani?"

"Ya mwanangu. Mmeiokota wapi?"

"Kwa Anarkan."

"Basi kikongwe mwizi. Amevua maiti."

"Anarkan ameosha wafu wa mji huu tangu mimi sijaolewa. Alimwosha mama yako. Alipomaliza, nani alimpa kilemba cha mama yako?"

"Mimi."

"Kwa nini asijichukulie mwenyewe? Kilikuwa kimetundikwa pale pale."

"Mwoshaji hachukui. Anapewa."

"Anapewa na nani?"

"Na mwenye msiba. Kila mtu anajua hilo, unaniuliza maswali ya..." Kalmat alisita.

"Malizia."

Kalmat aliitazama tena kofia nyekundu.

"Mwenye msiba," alisema Burul, "anatoa kwa mkono wake, mbele ya maiti, papo hapo anapooshwa. Usipotoa, mfu anabaki anadai. Hata wewe uliogopa hilo. Ulikuwa na maiti ya kuficha, usiku unaingia, na bado ulimvua mwanao kofia ukampa kikongwe haki yake. Anarkan yuko nje. Nimwite akutazame usoni?"

Jasho lilimtoka Kalmat kwenye paji, katika chumba ambamo wino umeganda.

"Msimwite."

"Njia inatokea wapi?"

"Nikisema, utaandika nini?"

"Kalmat, mtoto anakata roho."

"Nakuuliza, utaandika nini? Kwamba nimesaidia? Iandike hiyo. Kwamba Kalmat ndiye aliyeonyesha."

"Nitaandika kila neno lako. Wapi?"

Alifikiri. Wallahi alikaa akafikiri, kama mtu anayechagua kondoo sokoni. Koplo Joro mlangoni aligeuza uso ukutani asimwone.

"Uani kwangu," alisema hatimaye. "Nyuma ya zizi. Kuna bati, juu yake nimeweka mawe."

*

Uani kwa Kalmat kulikuwa kumejaa wanawake wa msiba. Walikuwa wamekaa kwa safu wakimlilia Taalai kwa sauti, kwa ile namna ya kuomboleza ambayo mmoja anaanza na wengine wanapokea, na walikuwa wameanza tangu asubuhi bila kupumzika. Burul aliwapita akikimbia, Joro nyuma yake, na wachimbaji. Waliyatupa mawe huku na huku, wakafunua bati.

Hawakuhitaji kuingia. Begimai alikuwa pale pale chini ya bati, amejikunja, mikono yote miwili juu ya kichwa. Alikuwa ameacha kungoja watu wamsikie bombani. Alitambaa gizani akifuata hewa mpaka akafika kwenye mwanga mwembamba wa ukingo wa bati, akagonga hapo. Ncha za vidole hazikuwa na kucha. Bati kwa ndani lilikuwa na mikwaruzo, na mingine ilikuwa na damu ambayo haijakauka.

Daktari Sagyn alimpakata, akampulizia mdomoni, akambonyeza kifua, akampulizia tena. Aliendelea muda mrefu, mpaka Joro akamshika bega.

"Kwapani bado ana joto," alisema Sagyn. "Hata saa moja haijapita."

Mama yake Taalai alikuja, akasimama, akatazama shimo, akamtazama mtoto. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa na haja ya jibu.

"Kumbe lile lilikuwa bati? Tulisikia kitu. Tukadhani kondoo."

Akakaa chini kwenye theluji, na safari hii hakulia kwa namna yoyote iliyo na utaratibu.

*

Kalmat alikuwa hajatoka kwenye kiti chake.

"Mmemtoa?"

"Tumemtoa. Alikuwa chini ya bati lako. Alikufa wakati wewe unaniuliza nitaandika nini."

Kalmat alitikisa kichwa polepole, akapangusa paji.

"Sasa nieleze ya Taalai," alisema Burul. Alishika kalamu, akaipasha joto kwa pumzi.

"Nieleze nini? Unayajua yote."

"Nataka kutoka kwako."

"Alitoka akitambaa. Mguu umevunjika, unaning'inia. Mtoto mwingine angelilia mguu wake. Yeye analilia yule msichana. Baba, yuko hai, baba, waite watu. Darasani upande wa pili kulikuwa na kikao cha wazazi, watu arobaini. Nikamwambia nyamaza. Hanyamazi. Mbishi tangu mdogo, mama yake anajua. Nikamwekea kofia yangu mdomoni."

"Ukaishikilia muda gani?"

"Mpaka aliponyamaza."

"Ulikuwa unajua anakufa?"

"Nilikuwa najua ananyamaza."

"Kwa nini, Kalmat? Wangekuja watu arobaini wenye nguvu. Mngemtoa msichana usiku ule ule. Mwanao angebaki na mguu mbovu tu."

"Na shimo?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Jumatatu nilikuwa napewa kibali. Miaka yote hii nimepiga magoti wilayani, shimo liwe langu kwa jina langu, nisijifiche chini ya tanuri kama panya. Mtoto akionekana amevunjika mle ndani, kibali kimekwisha. Makaa ya pale ni mazuri, dada Burul, yanawaka bila moshi. Baba yako angekuambia. Mtoto nitazaa mwingine. Shimo kama lile sitalipata tena."

Burul aliandika yote, neno kwa neno, kama alivyoahidi. Alimsomea, akamsogezea karatasi, Kalmat akatia saini kwa maandishi mazuri aliyofundishwa shule ile ile. Joro alimfunga pingu, akamtoa.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mwanamume mmoja, ana theluji mabegani, kofia mikononi. Alipomwona Burul akainuka kwa heshima.

"Umekuja kwa ajili ya Begimai?" aliuliza Burul. "Wewe ni ndugu yake? Bibi yake hajaambiwa bado, ingekuwa vizuri mtu wa nyumbani..."

"Hapana, afande, samahani. Nimesikia Kalmat amekamatwa." Mtu yule aliangalia chini, akaona haya kidogo, lakini hakuondoka. "Nilitaka kuuliza, lile shimo sasa atapewa nani? Mimi nina watoto wanne. Wembamba wote."